Melbourne kampuni kura mbili, mpangaji moja

Mhariri,

Mi hii ya Melbourne inaniuma kweli. Uchaguzi wa halmashauri ya jiji wa Oktoba 2024, ule uliompa Nicholas Reece umeya, kampuni yenye ofisi pale mjini inaweka watu wawili wa kuipigia kura, afu mpangaji anayelala hapohapo, watoto wake wanacheza kwenye bustani za jiji hilohilo, ana kura moja tu! Na ni sheria kabisa, ya 2001. Sydney nao walikuwa na hizo kura mbili toka 2014, wakazifuta 2023, na uchaguzi wa 2024 ukafanyika vizuri tu, Clover Moore akarudi tena kuwa meya. Sasa bunge la Victoria, jimbo la Australia lenye Melbourne, linasubiri nini jamani? Waibadilishe kabla ya 2028.

Msomaji wenu