Jasho langu lina aibu gani?

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wako wa mashairi nimeusoma tangu enzi za kungoja baba amalize gazeti ndipo nilishike. Leo nina miaka 63, nasoma kwa miwani, na bado kila nikimkuta mwanamke humo huwa katika hali mbili: ama ni ua linalosubiri kuchumwa, ama ni mama aliyebeba mimba miezi tisa. Akishalea, hatajwi tena.

Mtoto wa kike naye huitwa chipukizi, basi. Mimi nilipokuwa na miaka minane sikuwa chipukizi. Nilikuwa na pengo la meno mawili na kamba ya kuruka, nikihesabu hadi mia bila kunaswa. (Naamini mizani, ile hesabu ya silabi katika mstari, nilijifunza hapo: ukikosea moja tu, kamba inakukamata mguu.) Kisha ikaja hedhi, nikaambiwa nimekuwa mkubwa, kamba ikawekwa juu ya kabati. Siku ile haijapata ubeti hata mmoja. Harusi na uzazi vimeimbwa mno, navipita.

Nilipofika miaka 51, hedhi ikikoma, nilitunga hivi:

Nimeamka na jasho,
si ndoto wala kitisho,
nikadhani ndio mwisho:
umri wabisha hodi.

Nilimwonyesha malenga mmoja ninayemheshimu. Akasifu vina, akahesabu mizani, nane nane, akaridhika. Halafu akasema mambo ya chumbani hayapelekwi gazetini. Jasho la mkulima limeimbwa, la mpenzi limeimbwa. Langu ndilo lina aibu? Nikaufungia ubeti ule kwenye daftari miaka kumi na miwili.

Wala asiniambie kuwa haya ni mageni. Mwana Kupona, malenga wa kale wa Lamu, alipomtungia bintiye utenzi, yapata mwaka 1858, alitaja kwanza maradhi yake mwenyewe, kwamba yametimiza mwaka. Sisi tukashika zaidi beti za kumtunza mume, tukamsahau mgonjwa aliyemwita binti asogee na wino na karatasi.

Nataka kusoma juu ya goti linalolia ngazini. Juu ya mjane anayelala katikati ya kitanda kwa mara ya kwanza na kuona raha, kisha akajilaumu kwa raha hiyo. Juu ya bibi anayesahau jina la mjukuu lakini hakosei kina. Mimi mizani nahesabu kwa vidole, na siku hizi viwili havikunjiki. Bahati njema utenzi unataka vinane tu.

Naambatanisha beti sita, kuanzia kamba hadi miwani. Tafadhali usizipambe kwa picha ya waridi. Na kama nafasi ni finyu, kata ubeti wa harusi. Ule wa jasho uache.

Wako,
Bibi wa wajukuu wanne