Mnara mpya, dishi la zamani: kwa nini chaneli zinagandaganda

Mama mmoja mwenye gesti upande wa Isamilo, hapa Mwanza, alinipokea hivi: "Fundi, wewe ni wa nne. Wa kwanza kageuza dishi, wa pili kabadili LNB, wa tatu kaniuzia busta. Na mpira bado sijauona." LNB ni kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi kupokea mawimbi; busta ni kifaa cha kuyakuza.

Dishi lake ni la wavu, futi nane, limesimama juu ya slabu pembeni ya simtanki. Halijapinda wala kupata kutu ya kutisha. Nikazungusha macho. Nyuma yetu, juu ya mawe, mita kama mia mbili hivi, kuna mnara wa simu ambao mwaka juzi haukuwepo. Nikamuuliza matatizo yalianza lini. Akaangalia mnara, akaniangalia mimi, akacheka.

Sikufungua boksi la vifaa. Niliomba bati. Lilikuwepo moja lililobaki walipoezeka banda la kuku. Kijana wake nikamweka sebuleni mbele ya luninga, kazi yake kupiga kelele tu. Nikalisimamisha bati kati ya dishi na mnara. "Bado!" Nikasogea hatua moja kushoto. "Bado... Imekuja! Fundi imekuja, usitikisike!" Nikalilaza chini. "Imeondoka." Nikarudia mara tatu, maana mara moja inaweza kuwa bahati.

Tangu siku hiyo tumepanda mapaa kadhaa yenye kisa hichohicho, mengi ya vibanda umiza, gesti na makanisa yenye madishi makubwa. Ndiyo maana tunaliandika hapa, ili usije ukauziwa busta.

Madishi makubwa hupokea bendi ya C, yaani masafa kati ya megahezi 3,400 na 4,200. Watu wa kanda yetu wameyapenda kwa sababu moja ya msingi: mvua. Wingu zito likitoka ziwani, vidishi vidogo vya bendi ya Ku huzimika, lakini la futi nane linaendelea kama hakuna kilichotokea. Shida ni kwamba masafa hayohayo, hasa ya upande wa chini, ni matamu pia kwa kampuni za simu. Yanabeba data nyingi, ndiyo yanayotumika sana duniani kwa 5G.

Jambo hili halikuamuliwa Mwanza, wala Dodoma peke yake. Afrika iko pamoja na Ulaya katika Kanda ya 1 ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU. Mkutano wake wa Geneva wa 2015 uliifungulia simu sehemu ya 3,400 hadi 3,600 katika kanda hii, na ule wa Dubai wa 2023 ukaongeza 3,600 hadi 3,800. Hapa nchini mdhibiti wa mawasiliano, TCRA, alipiga mnada masafa Oktoba 2022, yakiwemo ya 3,500. Kwa hiyo kampuni inayorusha hapo haijaiba kitu. Imelipia, ina leseni. Naomba hili lieleweke kabla mtu hajaenda kugombana na mlinzi wa mnara, ambaye hata hajui megahezi ni nini.

Sasa utauliza: kama mnara uko 3,500 na chaneli yangu iko 4,100, wanagombana wapi? Kwenye LNB. LNB ya kawaida haichagui. Inafungua mlango wote kuanzia 3,400 mpaka 4,200, kila kinachoingia inakikuza karibu mara milioni moja, halafu ndipo king'amuzi kinachagua chaneli. Satelaiti iko kilomita 36,000 juu yetu. Mnara uko mita 200. Ni tofauti ya umbali ya mara 180,000, na nguvu ya mawimbi hupungua kwa kasi kuliko umbali unavyoongezeka. Ni kama unasikiliza mtu anayenong'ona Nansio, kule kisiwani Ukerewe, huku jirani anapiga ngoma mlangoni kwako. LNB inazidiwa, na ikishazidiwa inaharibu chaneli zote, hata zile ambazo mnara haujazigusa.

Busta je? Inakuza ngoma na mnong'ono pamoja. Mama wa gesti alitoa hela yake bure kabisa. Dishi kubwa zaidi husaidia kidogo, maana linakusanya zaidi kutoka kule linakoelekea, ila LNB ikiwa imeshazidiwa hata futi kumi na mbili hazitakuokoa.

Mji wetu una ubaya wake na uzuri wake. Uzuri ni kwamba tuko karibu na ikweta, kwa hiyo madishi yetu yanatazama juu. Satelaiti iliyo nyuzi 68.5 mashariki, kwa mfano, kutoka Mwanza inakaa nyuzi kama 48 juu ya upeo wa macho. Mnara ukiwa chini kule mbali, unaingilia kwa ubavuni tu. Ubaya ni hivi vilima. Ukijenga kwenye mteremko na mnara ukapandishwa juu ya mawe, hauko tena chini. Umepanda kuelekea kule dishi linakotazama. Nyumba tambarare ya Igoma inaweza kukaa na mnara kwa amani, ya Isamilo au Bugando ikateseka kwa umbali uleule.

Kuna ngoma nyeupe za duara unazoziona minarani, zile zinazounganisha mnara kwa mnara na kuvusha mawasiliano mpaka visiwani. Wateja huzilaumu sana. Mara nyingi hazina hatia. Miale yake ni myembamba, na kila kiungo cha namna hiyo hupewa leseni kikijulikana kilipo, urefu wake na kinakoelekea, kwa hiyo mdhibiti anaweza kupiga hesabu mapema nani atamgusa nani. Dishi lako, linalopokea tu bila kurusha, haliko kwenye karatasi yoyote. Hapo ndipo wenye madishi tunapoumia: mdhibiti hawezi kukinga kitu asichojua kama kipo. Marekani walikutana na hili kabla ya kuwapa watu wa simu 3,700 hadi 3,980. Mwaka 2018 waliwaita wenye madishi wajiandikishe, na baadaye walioandikishwa wakafungiwa vichujio kwa gharama za mpango wenyewe. Mimi ningependa kuona daftari la namna hiyo hapa, walau kwa hoteli, makanisa na vituo vya redio.

Na Wi-Fi ya jirani? Haimo. Iko 2,400 na 5,000 na kitu, mwache jirani.

Tunachofanya sisi ni hivi. Kwanza tunajaribu bati. Likirudisha picha, tunatafuta pa kulihamishia dishi ili nyumba yenyewe, ukuta au mwamba uwe kinga. Dishi la futi nane likishuka uani nyuma ya nyumba mara nyingi kesi inaishia hapo. Pasipo nafasi, tunafunga kichujio, kipande cha chuma kama kiganja kwa urefu, kinachokaa kati ya mdomo wa dishi na LNB na kuzuia yaliyo chini ya 3,700 au 3,800. Kinapunguza nguvu kidogo, hivyo dishi lazima liwe limelengwa vizuri kwanza. Lakini chaneli yako ikiwa yenyewe iko 3,550 na mnara uko hapohapo, kichujio kitawafukuza wote wawili. Hapo tutakwambia ukweli: uhamie satelaiti nyingine au Ku.

Wenye vidishi vidogo nao wasijione salama. Waya unaoshuka kutoka kwenye dishi unabeba masafa ya 950 hadi 2,150, na simu za 1,800 ziko katikati ya hapo. Waya wa bei rahisi, wavu wake wa ndani unahesabika kwa vidole, unavuta simu kama antena. Ukiona chaneli chache zilezile tu zinaganda mvua ikiwa haipo, badilisha waya na konekta kwanza.

Ukija dukani, njoo na picha ya simu uliyopiga ukiwa umesimama pale dishi lilipo, ukitazama mnara, na majina ya chaneli zinazoganda na zisizoganda. Andika pia saa. Mnara huelemea zaidi jioni watu wakiwa wengi mtandaoni. Mvua haichagui saa. Tukipanda tukakuta tatizo ni konekta iliyoota kutu, utalipia konekta na kupanda tu.

Mama wa Isamilo alikataa kuhamisha dishi, anasema uani ni pa kuanikia mashuka ya wageni. Tulimfungia kichujio. Bati alilirudisha kwa kuku.