Nimeingia Ngomeni kwa Ajili Yetu Wawili

Voi,
3 Februari

Mpendwa Zuhura,

Pokea salamu nyingi za huku kwetu. Mama yako hajambo. Ule mzigo wa tende na mashuka nilimfikishia Jumanne mkononi mwake, akaufungua palepale mbele ya majirani, na amesema atakupigia simu mwenyewe. Hoteli yangu inaendelea; madereva wa malori bado wanateremka kula usiku wa manane na bado wanataka ugali uwe wa moto. Sasa acha nikae nikuandikie lile nililokuahidi, maana kwenye simu ulikata shauri kwamba nisikudokolee, nikuandikie yote.

Zuhura, nimeingia Ngomeni.

Najua umekumbuka. Kidato cha tatu, basi moja, wanafunzi sitini na kitu, likatuharibikia Mariakani, tukafika Mombasa jua limeshapinduka. Tukapanga foleni nje ya Fort Jesus, na kabla zamu yetu haijafika tukaitwa turudi garini. Wewe ulilia hadi Samburu. Mimi sikulia, lakini tangu siku ile kila nikipita mjini nilikuwa naiona ile ngome kwa mbali na kuuambia moyo wangu, siku nyingine. Miaka ikaenda hivyo.

Mwezi uliopita nilishuka kwa harusi ya binamu yangu Kisauni. Kesho yake kila mtu amelala kwa uchovu, mimi sina la kufanya mpaka basi la jioni. Mpwa wangu akaniambia kuna mzee wa Kibokoni anayetembeza wageni mjini kwa nusu siku, na hachukui zaidi ya watu wanane. Saa mbili asubuhi nikawa mlangoni. Tulikuwa sita: baba mmoja na mkewe kutoka Nakuru, vijana wawili ndugu wa Kampala, msichana Mjerumani anayejifunza Kiswahili, na mimi. Mzee wetu amevaa kikoi na kofia ya kushonwa kwa mkono, ameshika bakora asiyoiegemea. Neno lake la kwanza lilikuwa "Ndooni." Yule Mjerumani akafungua daftari kutafuta neno hilo. Mzee akamwambia hatalipata humo, hapa ni Mvita, yaani Mombasa, "njoo" ni "ndoo" na "njia" ni "ndia".

Basi tukaingia. Unapita chini ya lango refu lenye kivuli, mara unatokeza uani kwenye jua kali, na kelele za mji zote zinabaki nyuma. Jambo la kwanza alilotufanyia mzee si kutupa tarehe. Alitupeleka ukutani akasema, "Wekani mikono." Nikaweka. Zuhura, ule ukuta ni matumbawe! Ukikaribia unaona mistari iliyojikunja kama ubongo wa mbuzi, na vijitundu ambamo viumbe wa baharini waliishi. Unakwaruza kiganja, na ni baridi hata kwenye lile jua. Nilisimama pale muda mrefu, na hakuna aliyenisukuma niende mbele. Ndiyo maana nakwambia tuje kwa kundi dogo. Tungekuwa sitini ningeona migongo ya watu tu.

Wareno waliianza mwaka 1593, na aliyeichora ni Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ukiitazama kutoka juu inafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kimeelekea baharini. Lakini habari iliyonishika ni ile inayokuhusu wewe uliyeko Maskati. Machi 1696 Waomani walikuja kuizingira, na haikuanguka mpaka Desemba 1698. Miezi 33! Maradhi na njaa ndivyo vilivyowamaliza watu ndani. Katikati ya 1697 Wareno walikuwa wamekwisha karibu wote, na aliyebaki kuishikilia ngome alikuwa mwana wa wafalme wa Faza, kisiwani Pate, pamoja na jamaa zake, na Waafrika waliokuwa humo, wanaume wachache na wanawake wengi zaidi. Mimi mpishi, nilichowaza ni sufuria. Wale wanawake walikuwa wakipika nini? Kuni walizitoa wapi? Nilimuuliza mzee, akanipeleka mahali ambapo njia imechongwa ndani ya mwamba hadi upande wa bahari, ya kupitishia mizigo ya mashua. Akasema, mashua ikifika wanakula, isipofika hawali. Mpaka sasa nikisonga ugali usiku huwafikiria.

Msaada wa Wareno kutoka Goa, makao yao Bara Hindi, ulifika Septemba 1697, na moja ya meli zake, Santo António de Tanná, ilizama palepale mbele ya ngome. Wapiga mbizi walifanya kazi ya kuichimbua miaka ya 1970, na vitu vyake viko ndani ya makumbusho, vyombo vya watu waliokuja kuokoa wenzao wakazama mlangoni. Msaada mwingine ulitokea muda mfupi baada ya ngome kuanguka. Ukaiona bendera ya Waomani inapepea juu, ukageuza.

Halafu, zile ngome mbili ulizonipigia picha juu ya miamba ya Maskati, Mirani na Jalali, nazo za Wareno wale wale! Waomani waliwatoa huko mwaka 1650, ndipo wakawafuata mpaka huku. Nilimwambia mzee kuwa rafiki yangu anaziona kila akienda sokoni Mutrah, akafurahi sana, akaniomba nimwonyeshe picha. Tukasimama uani Mombasa tunatazama Maskati kwenye simu.

Ulinieleza kuwa Jalali iliwahi kuwa jela. Na hii yetu pia. Waingereza waliifanya jela kuanzia 1895 mpaka 1958. Mzee alipotaja hilo, yule baba wa Nakuru alivua kofia, akakaa nayo mkononi mpaka tulipotoka. Hakusema neno, na sisi hatukumuuliza. Mwaka 2011 ngome ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na inastahili, lakini mimi nilichokiona zaidi ni ile kofia mkononi.

Kutoka hapo tukaingia Mji wa Kale kwa miguu, tukafuata Ndia Kuu. Vichochoro vingine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili. Milango ya kuchongwa usiniulize, nilipiga picha mpaka simu ikajaa, nitakutumia. Mjerumani aliuliza kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni vyembamba hivi. Jibu ni boriti. Dari zilibebwa na miti ya mikoko, na mkoko ukishakatwa urefu wake ndio huo; chumba hakiwezi kupita mti. Nilipenda sana kwamba mti wa matopeni ndio uliompimia tajiri sebule yake.

Msikiti wa Mandhry tuliuona kwa nje, mnara wake mweupe umechongoka kama pia iliyopinduliwa. Ni wa tangu mwaka 1570, kabla ya ngome yenyewe. Hapo magoti ya mama wa Nakuru yakagoma. Hakuna aliyenung'unika. Tuliketi sote kwenye baraza ya nyumba ya watu, mwenye nyumba akatoka na jagi la maji, na muuza kahawa akapita na dele lake, makaa yanawaka chini, anagonganisha vikombe mkononi kama anayepiga muziki. Kahawa tungu na kashata. Tulikaa robo saa, na katika robo saa ile nilijua ndugu wale wa Kampala wanauza vipuri vya magari, na kwamba mali yao yote hupita bandari ya Kilindini. Nikawaambia basi mizigo yenu inapita mlangoni kwangu usiku. Tukacheka kama watu waliopoteana.

Bandari ya Kale iko chini kidogo tu. Mzee alituomba tufunge simu, hapo hapapigwi picha. Mimi nilikwenda na matumaini, maana Januari ni kaskazi, na upepo huo ndio ulioleta majahazi ya Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi tangu enzi na enzi. Nilitegemea kuona milingoti. Nilikuta majahazi machache yamelala, moja linapakiwa magunia na godoro, mabaharia wawili wamelala chini ya turubai. Mzee alitueleza utoto wake, alipokuwa akikimbia hapo baada ya chuo cha Kurani, majahazi yamebanana ukingoni, yanashusha tende, mazulia na masanduku, yanangoja upepo ugeuke kuwa kusi yarudi na boriti. Alisema hivyo bila kulia wala kulalamika, lakini alinyamaza kitambo, na bakora yake kwa mara ya kwanza aliiegemea. Kiliniuma, Zuhura. Bandari iliyoujenga mji huu wote, na leo ukipita haraka hujui kama ni bandari. Natamani ule ukingo upate watu wa kuutunza kama ngome ilivyopata, maana bila huo ukingo hiyo ngome ilikuwa inalinda nini?

Marikiti na Mtaa wa Biashara tulipita mbio kwa sababu ya muda, ila leso nilinunua, na kipande kimoja ni chako. Pembe za Ndovu barabara ya Moi tulizipita ndani ya matatu. Ni za alumini tu, zilisimamishwa miaka ya 1950 kwa ajili ya ziara za jamaa ya kifalme wa Uingereza. Mimi sikuona haja ya kuteremka. Ndugu wa Kampala waliteremka wakapigana picha.

Mwisho ni Mama Ngina, kule kwenye mibuyu mikubwa ukingoni mwa mlango wa bahari. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, madafu, upepo mzuri. Tumekaa tunakula, mara mzee akasema, "Tazameni feri." Feri ya Likoni ilikuwa imejaa watu, baiskeli, mikokoteni, na imesimama haiondoki. Nikadhani imeharibika. Kumbe inangoja. Ikatokea meli ya makontena, polepole, ikapita mbele yetu karibu hivi kwamba niliwaona watu wawili wamesimama juu kama punje za mchele. Ndefu, Zuhura. Unaitazama inapita, inapita, haiishi. Makontena mekundu na ya bluu yamepandana kama nyumba za ghorofa, na haitoi kelele ya kulingana na ukubwa wake, mvumo tu unaousikia kifuani. Ikakata kona kuingia Kilindini, na hapo ndipo nilipoelewa jina. Kilindi! Maji ya kina. Upande ule wa majahazi hauwezi kuibeba meli kama hii, ndiyo maana bandari ikahamia upande wa pili wa kisiwa, na reli ikaanzia huku mwaka 1896 ikapanda mpaka kwetu Voi na kwenda zake bara.

Mimi na wewe tumelala utoto wetu wote tukisikia yale malori. Ulikuwa ukiyahesabu, nakumbuka, unasema hili la Kampala, hili la Kigali, hili la Goma, na sote hatukujua yanatoka wapi hasa. Nilipoona ile meli nilitaka uwe pembeni yangu. Feri ikaondoka, watu wakavuka kwenda makwao. Saa saba tukaagana, mama wa Nakuru akanikumbatia kama mwanawe.

Ukija likizo usipange siku ya kupumzika kwanza. Nimeshachukua namba ya mzee, na nimemwambia tutakuwa wawili. Nataka tufike Januari ijayo, kaskazi ikiwa imeshika, pengine yatakuwepo majahazi zaidi, na ukute mtu wa Maskati wa kuzungumza naye.

Leso nitampa binti wa shangazi yako anayesafiri mwezi ujao, pamoja na achari na mabuyu. Na nina ombi moja. Siku ukiwa na nafasi nenda Jalali au Mirani, na kama hawakuruhusu kuingia basi hata ukuta wa nje, penye kivuli. Weka kiganja, kisha uniandikie: je, ni baridi? Na ni jiwe gani, la mlima, au nako pia walitoa baharini?

Nakungoja,
Wakesho