Mwenye siri haijui: tufanye nini na sura ya tisa?

Ndugu Mhariri,

Ninahariri tawasifu ambayo imekwama, na naomba ushauri kwa waliowahi kushika kazi ya namna hii. Kazi na umri wa watu nimevibadilisha; fundo lenyewe ni lilelile.

Katika sura ya tisa mwandishi anaeleza kwamba mjomba wake, anayejulikana kama kitindamimba wa bibi, alizaliwa na mama mkubwa, wakati huo binti wa shule. Bibi alimchukua mtoto akamlea kama wake. Bibi na mama mkubwa wameshafariki. Mama wa mwandishi anajua. Mjomba yu hai, ana watoto wakubwa, na hajui.

Kubadilisha majina hakusaidii. Jina la mwandishi liko kwenye jalada, na mama yake ana kaka mmoja tu. Kumbadilishia kazi nako kuliharibu kitabu: ni fundi saa, na sura mbili zimejengwa kuzunguka meza yake. Alipofanywa seremala zilipooza. Wapo wanaosema tuiite riwaya. Katika sheria za kashfa, yaani za kumchafulia mtu jina, za nchi nyingi kinachoangaliwa ni kama wanaomfahamu mtu watamtambua, hata kitabu kikiitwa riwaya. Isitoshe, hatari hapa si kashfa bali faragha. Kwenye kashfa ukweli hukutetea. Kwenye faragha, kusema kweli hakukuokoi. Marehemu kwa kawaida hawadai fidia ya kuchafuliwa jina, lakini siri ya marehemu hawa inamhusu mtu anayepumua.

Tukafanya jaribio la kawaida: nakala ya pili ya mswada, siri yote imetolewa, kisha kusoma upya toka ukurasa wa kwanza. Mama mkubwa akageuka mtu katili asiyehudhuria sherehe yoyote ya nyumbani, na msomaji haambiwi kwa nini. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni kwamba siri ilikuwa bado imo. Mti wa ukoo mwanzoni una miaka ya kuzaliwa. Ukipiga hesabu ya kutoa, bibi amejifungua akiwa na miaka 53. Picha moja ina tarehe ya miezi miwili kabla mjomba hajazaliwa, na bibi amesimama wima, hana dalili ya mimba. Kwenye shukrani, mwandishi anamshukuru mama yake kwa kumwambia ukweli "hatimaye". Ukweli upi? Anayefuta siri apitie pia maelezo ya picha, faharasa na maandishi ya jalada la nyuma. Hayo ya jalada mara nyingi huandikwa na mtu wa mauzo, tena mwishoni, na yeye hutafuta hasa kile kilichofichwa.

Kuna pia barua. Mama mkubwa alimwandikia mama wa mwandishi kueleza yote, na mwandishi anataka kuinukuu nzima. Karatasi ni mali ya mama aliyeandikiwa, lakini hakimiliki ya maneno ni ya aliyeandika, na baada yake warithi wake. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka ulinzi wa angalau miaka 50 baada ya kifo. Nchi nyingi zimefikisha 70. Mama mkubwa hakuacha wosia wala mtoto mwingine. Kwa hiyo anayepaswa kuombwa ruhusa ya kuinukuu huenda ni mjomba huyohuyo! Kusimulia barua kwa maneno mengine kunaondoa tatizo la hakimiliki, kwani hiyo hulinda maneno na si habari. La faragha linabaki palepale.

Mkataba wa uchapishaji, kama ilivyo kawaida, unamtaka mwandishi athibitishe kwamba haingilii haki ya mtu, na abebe gharama akishtakiwa. Nimependekeza kwa mchapishaji tarehe ya kutoa kitabu iahirishwe sasa, kabla kurasa hazijapangwa. Zikishapangwa, kutoa kurasa tatu kunavuruga namba na faharasa, na hapo ndipo watu huanza kusema "tuache tu ipite".

Mimi naona anayestahili kumwambia mjomba ni mama. Mama anasema subirini nife. Mwandishi anataka ampelekee mjomba sura hiyo, apewe wiki nne za kujibu. Nimekataa, maana mtu hapaswi kuijua asili yake kwa kusoma rasimu, na ridhaa inayotolewa mitambo ikisubiri si ridhaa. Tumekubaliana kwa uchache kwamba siku ikifika atapewa kurasa zinazomhusu tu, kwenye karatasi yenye jina lake. Faili la simu litazunguka ukoo mzima kabla hajalimaliza.

Maswali yangu ni haya. Mama akishikilia msimamo wake, mwandishi ana haki ya kumpita? Kati ya mjomba kuambiwa na kuombwa ruhusa, ni muda gani wa haki: miezi, au mwaka? Akikataa, je, msimulizi akiri wazi kwamba kuna jambo hatalisema, au hiyo itakuwa kuwaalika ndugu wapige hesabu zao? Na akikubali, ridhaa yake inatosha, au watoto wake nao waulizwe, kwa kuwa nasaba hiyo ni yao pia?

Wenu,
Mhariri wa miswada