Risala ya Chama cha Wanafunzi wa Sayansi ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi na kuja kujumuika nasi. Karibu sana.

Mheshimiwa, chama chetu kinachunguza tope linalobaki majitaka yanaposafishwa. Wengi wakilisikia huziba pua, lakini sisi tumelipenda. Likifungiwa kwenye tangi lisiloingia hewa, katika nyuzi joto 35 hadi 37 za Selisiasi, hutoa bayogesi ambayo kwa kawaida asilimia 60 hadi 70 yake ni methani, gesi inayowaka. Kazi hiyo haifanywi na kijiumbe kimoja. Wapo bakteria wanaomwaga vimeng'enya vya kukatakata mafuta, protini na wanga. Wapo wanaogeuza vipande hivyo kuwa asidi. Wapo wanaozibadili asidi hizo ziwe asidi ya asetiki na haidrojeni. Mwishoni ndipo wanapokuja arkea, watoaji wa methani. Hawa si bakteria: wanasayansi Carl Woese na George Fox ndio waliowatenga katika ukoo wao wenyewe, mwaka 1977.

Tunaomba tukae kidogo kwenye kundi la tatu, kwa kuwa hapo ndipo tangi hupona au hufa. Bakteria anayekula asidi ya propioniki, mojawapo ya asidi hizo, hapati nishati yoyote iwapo haidrojeni imejaa kumzunguka. Lazima arkea aliye jirani yake aile papo hapo, ibaki chini ya takriban sehemu moja ya elfu kumi ya kanieneo ya angahewa. Kwa hiyo wawili hao huishi wakiwa wamebanana ndani ya chembe ya tope. Zamani wataalamu walidhani wanafuga kijiumbe kimoja kinachogeuza ethanoli kuwa methani, hadi mwaka 1967 mwanasayansi Marvin Bryant na wenzake walipoonyesha kuwa ni viwili, na kwamba kimoja hakiendelei bila mwenzake.

Mheshimiwa, ukitoka hapa tutakuonyesha chupa mbili zilizoanza na tope la tangi moja. Ya kwanza tunailisha kidogo kidogo, na gesi yake ukiiwashia moto inawaka. Ya pili tuliishindilia sukari kwa makusudi. Mwanzoni ilitoa mapovu mengi kuliko mwenzake, na anayetazama mapovu tu angeisifu. Baadaye gesi yake ikakataa kuwaka, kwa kuwa nyingi ilikuwa kabonidioksidi, na tope likaanza kunuka kama siagi iliyooza. Bakteria wa asidi huzaana kwa saa chache, ilhali arkea huhitaji siku kadhaa; asidi zikawazidi walaji wake.

Linalotuhangaisha zaidi ni kwamba kipima pH, yaani kipimo cha ukali wa asidi, huchelewa kusema. Bikaboneti iliyomo kwenye tope humeza asidi, usomaji ukabaki karibu na 7 siku baada ya siku huku jamii ya ndani ikivurugika. Uwiano wa asidi tete (zile zinazotengenezwa na bakteria wa asidi) kwa alkalini (uwezo wa tope kumeza asidi) hupanda mapema zaidi, na kwa maoni yetu ndio unaostahili kupimwa kila siku.

Uchunguzi wa DNA nao hutupatia orodha ndefu ya majina, ila jina kuwamo si ushahidi wa kazi. Bakteria wengi huingia na majitaka na kufia humo bila kuzaana. Tunahitaji sampuli za mara kwa mara, za tope linaloingia na la ndani ya tangi, ndipo tujue nani mkaazi na nani mpita njia.

Kwa hayo, tunaomba utusaidie tupate darubini ya floresenti: arkea wa methani wakimulikwa kwa mwanga wake hung'aa wenyewe rangi ya buluu-kijani, na darubini tuliyonayo haiwezi kuonyesha hilo. Tunaomba pia vifaa vya kupimia asidi tete, king'ora cha gesi ya salfidi ya haidrojeni, maana gesi hiyo huua na ikizidi pua huacha kuinusa, pamoja na kibali cha kuchukua tope kwenye mtambo wa kusafisha majitaka kila wiki.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, chupa ziko tayari maabara. Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama