Majani ya baharini na mrututu

Khamis swahibu,

Assalamu aleikum. Umeuliza kwa nini majani ya baharini uliyoyatilia mrututu (salfeti ya shaba) yanavuta oksijeni nyingi kuliko yale ya maji matupu. Kipimo chako hakina kasoro. Shaba ikiwa kidogo, jani huchoma sukari zaidi ili lijikinge na kukarabati seli zake. Ikizidi, vimeng'enya vya mitokondria, sehemu za seli zinazotoa nishati, huharibika na upumuaji huanguka. Ndiyo maana dozi moja haisemi kitu. Weka tano, kuanzia sifuri hadi miligramu 5 za shaba kwa lita, uone grafu inapinda wapi.

Yeyusha gramu 3.93 za mrututu wenye maji ya fuwele katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Mililita 0.3 za mchanganyiko huo ndani ya chupa ya mililita 300 ni miligramu 1 ya shaba kwa lita. Usitie EDTA, kemikali inayonasa metali, hata chembe, maana huishika shaba na jani halionji sumu. Maji ya hori ya Tudor, Mombasa, yenye matope hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo chuja kwanza.

Majani ya Thalassia, hayo majani ya baharini unayoyapima, yachume bamvua, maji yakikupwa, nje ya eneo la hifadhi la Nyali au uwe na kibali. Chukua majani ya umri mmoja, futa ukoga na mwani kwa vidole, kwani navyo vinapumua. Jani lililokatwa karibuni hupumua kwa fujo kwa sababu ya jeraha. Lilaze usiku mzima kwenye maji safi yanayopulizwa hewa. Kisha lifungie chupani bila povu hata moja, zungushia foili, uiweke kwenye beseni la maji ya nyuzi 28. Mwanga ukipenya kidogo tu, usanidinuru utarudisha oksijeni na utadhani upumuaji umepungua.

Kila dozi iwe na chupa yake isiyo na jani. Hapa ndipo wengi hupotea: ukipima kwa njia ya Winkler, inayohesabu oksijeni kwa kiasi cha iodini inayotoka, shaba yenyewe hutoa iodini, na kila miligramu 1 ya shaba kwa lita inaweza kukuongezea takriban miligramu 0.13 za oksijeni za uongo. Chupa tupu, yaani yenye maji na dozi ileile bila jani, ndiyo inayofuta kosa hilo, pamoja na bakteria wa majini.

Hesabu ni hivi: chupa tupu imebaki na miligramu 6.3 za oksijeni kwa lita, yenye jani 5.2, basi tofauti ni 1.1. Zidisha kwa lita 0.3, gawa kwa gramu 0.1 za jani kavu na saa 2: miligramu 1.65 kwa gramu kwa saa. Usiache oksijeni ishuke chini ya miligramu 4 kwa lita, kwani jani litakuwa linapungukiwa na hewa, si kuumia na shaba.

Ukimaliza shaba, jaribu diuroni, dawa ya magugu iliyowahi kutiwa kwenye rangi za meli. Gizani huenda usione badiliko, kwa kuwa kazi yake ni kuzuia usanidinuru. Hiyo ipime kwenye mwanga. Sianidi usiiguse: ni hatari, na mimea ina kimeng'enya cha pembeni kinachoendelea kutumia oksijeni hata njia kuu ikizibwa, kwa hiyo jibu lake lina utata.

Niletee namba za chupa tupu pia.

Wako,
Athumani