Kipokezi cha masafa mapana hakisikilizi simu za majirani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kifaa kilichozua manung'uniko katika mtaa wetu wa Buruburu, nacho ni redio ya kupokea masafa mapana. Mwezi uliopita nilifunga waya wa antena wa mita saba na nusu kutoka dirisha la ghorofani hadi kwenye mparachichi ulio uani, na kabla ya wiki kwisha nikaitwa na viongozi wa wakazi nieleze kwa nini ninasikiliza simu za watu. Waya nimeushusha kwa kuwaheshimu majirani zangu, ambao tumeishi nao kwa miaka mingi bila ugomvi. Shutuma yenyewe siwezi kuikubali, kwa hiyo naomba nieleze hadharani kifaa hiki hufanya nini na hakiwezi kufanya nini, kisha niiombe Mamlaka ya Mawasiliano jambo moja.

Redio tulizozizoea nyumbani husikia vipande vichache tu vya mawimbi: FM, iliyo kati ya megahezi 88 na 108, mawimbi ya kati, na katika zile za zamani, mawimbi mafupi. Kipokezi cha masafa mapana huanzia chini kabisa, penye kilohezi 100 au 150, kikapanda hadi megahezi 1,300, na baadhi hupita hapo. Mwenye kukitumia huchagua masafa, kisha huchagua pia namna ya kusikia, yaani AM, FM pana ya stesheni za muziki, FM nyembamba ya redio za mkononi, au SSB ya mawasiliano ya mbali. Hakina kipaza sauti wala kitufe cha kuongelea, na hakirushi neno lolote hewani. Kazi yake ni kusikia tu.

Kuhusu simu, ni kweli kwamba baadhi ya masafa ya simu za mkononi, yaliyo karibu na megahezi 900, yamo ndani ya eneo ambalo kipokezi hiki hufika. Lakini anayekipeleka huko hasikii mazungumzo ya mtu yeyote. Husikia mkwaruzo mkavu usiokoma. Sauti ya mtu anayepiga simu hugeuzwa kuwa tarakimu na kufungwa kwa msimbo wa siri kabla haijatoka kwenye simu yake, na redio ya aina hii haina uwezo wa kuifungua. Nilimwomba mwenyekiti wa wakazi aje asikilize mkwaruzo huo kwa masikio yake. Bado hajapata nafasi.

Nadhani chanzo cha hofu hii ni namna kifaa kinavyouzwa. Nilikinunua katika duka moja kwenye Barabara ya Luthuli, na muuzaji alinihakikishia kwamba "kinashika kila kitu." Ndani ya boksi kulikuwa na kijitabu chenye herufi ndogo, cha Kiingereza na Kichina, bila neno hata moja la Kiswahili. Mnunuzi anayeambiwa kwamba kifaa kinashika kila kitu atawarudia jirani zake maneno hayo hayo, na jirani atakuwa na haki ya kuogopa. Ukweli ni kwamba kifaa hiki kikiachwa bila maelezo hakishiki karibu chochote, na huo ndio upande ambao sisi tunaokipenda tumekosa kuueleza.

Chukua mfano wa ndege, kwa maana wengi hukinunua kwa ajili hiyo. Marubani na waongozaji wa ndege huzungumza kati ya megahezi 118 na 137, na mpaka leo hutumia AM. Nilipokuwa nikifundisha Fizikia, wanafunzi waliniuliza kila mwaka kwa nini wasitumie FM, ambayo sauti yake ni safi zaidi. Sababu mojawapo ni usalama. Katika FM, wawili wakiongea kwa wakati mmoja, mwenye nguvu humfunika kabisa aliye dhaifu, na anayesikiliza hata hatambui kwamba kuna mtu wa pili. Katika AM, sauti hizo mbili hugongana na kutoa mlio unaomwonya msikilizaji kuwa kuna mwingine anayejaribu kusema. Tena, mawimbi hayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo ndege iliyo futi 35,000 juu yaweza kusikika ikiwa umbali wa kilomita 400, ilhali mwongozaji aliye chini, nyuma ya majengo marefu, asisikike hata akiwa karibu. Ndiyo sababu msikilizaji wa mitaani mara nyingi husikia majibu bila maswali. Katika sehemu kubwa ya anga ya Afrika marubani pia hutangaziana wenyewe mahali walipo kwa megahezi 126.9, ili kila ndege iliyo karibu ijue.

Sasa, mtu aliyenunua kifaa hicho leo akaunganisha waya mrefu kama wangu, kisha akaenda kwenye masafa ya ndege, huenda akasikia muziki wa stesheni ya FM badala ya rubani. Atadhani stesheni hiyo imevamia masafa ya ndege, au atalaumu kifaa. Nairobi ina stesheni nyingi za FM zenye mitambo yenye nguvu, na kipokezi kilichojengwa ili kisikie kila upande hakina kinga kubwa mlangoni. Katika redio nyingi za bei nafuu, stesheni iliyo kwenye megahezi 100 hujitokeza tena kama kivuli kwenye 121.4, kwa tofauti ya megahezi 21.4, kwa sababu ya jinsi redio inavyochanganya mawimbi ndani yake. Dawa yake ni kufupisha antena, au kuwasha swichi ya kupunguza nguvu ya mawimbi ikiwa ipo. Kwa masafa ya ndege, fimbo ya sentimita 60 inatosha kabisa, maana ndiyo robo ya urefu wa wimbi lenyewe. Waya wa mita saba na nusu ni robo ya wimbi la megahezi 10, na niliufunga kwa ajili ya mawimbi mafupi peke yake.

Na ni mawimbi mafupi ndiyo yaliyonifanya nitoe pesa zangu za uzeeni. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipozimika karibu nchi nzima, nilikuwa na redio ndogo ya betri, niliyokuwa nayo kabla ya hii. Kwa kawaida, mawimbi mafupi mtaani kwetu huzama chini ya mngurumo: chaja za simu, taa za LED, vifaa vya sola, na zile nyua za umeme zinazopiga "tak" karibu kila sekunde usiku kucha. Usiku huo vyote vilivyotegemea umeme wa nyumbani vilinyamaza kwa pamoja. Nilisogeza kitufe polepole kutoka megahezi 5.9 hadi 6.2, kisha kutoka 9.4 hadi 9.9, nikasikia sauti za nchi ambazo sikuwa nimezisikia tangu ujana wangu, zikiwa wazi kana kwamba msemaji ameketi sebuleni. Sijapata tena usiku kama ule, na siombi giza lirudi ili niupate. Lakini tangu hapo nilijua kwamba tatizo la mawimbi mafupi jijini liko ndani ya nyumba zetu wenyewe. Anayetaka kusikia vizuri aanze kwa kuchomoa chaja zote, atumie betri badala ya adapta, na asogeze antena mbali na nyaya za umeme. Mvua ya radi ikianza kutanda, achomoe antena na kuiacha nje ya nyumba.

Vijana watasema kwamba intaneti imeyafuta haya yote. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari zinazotuunganisha na dunia zilikatika, na kwa siku kadhaa wengi wetu tulitazama duara likizunguka kwenye simu. Sisi tuliokuwa Nairobi tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa angani walioasi walipoiteka Sauti ya Kenya, redio ya taifa wakati huo, tunakumbuka pia maana ya kuwa na chombo cha pili cha kupatia habari. Siku ile marehemu mjomba wangu hakuliacha dirisha. Alikaa hapo na redio yake ya mawimbi mafupi akitafuta BBC, ambayo imetangaza kwa Kiswahili tangu tarehe 27 Juni 1957, na kila aliposikia jambo aliwaita majirani. Hakuna aliyemwita mpelelezi.

Tena kuna elimu ndani ya kifaa hiki ambayo inanisikitisha kuiona ikiachwa. Ionosfia, lile tabaka la juu la anga linalorudisha mawimbi mafupi chini duniani, ambalo watoto hulikariri kwa ajili ya mtihani, husikika kwa sikio: mchana megahezi 15 hujaa stesheni, na jua linapotua, ambapo hapa kwetu karibu na ikweta ni yapata saa kumi na mbili unusu jioni mwaka mzima, mawimbi hayo huanza kufifia huku yale ya megahezi 6 na 7 yakiamka. Vituo vya saa, kama WWV cha Marekani na BPM cha Uchina, hupiga mdundo kila sekunde kwenye megahezi 5, 10 na 15, na mwanafunzi anayeshinda akiandika ni upi unaosikika saa ngapi atakuwa amechora anga kwa daftari na kalamu. Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachozunguka dunia kwa muda wa kama dakika 90, huzungumza na shule kwenye megahezi 145.800 kwa FM. Kikija, masafa huonekana kuwa juu kwa kama kilohezi tatu, na kikishapita huwa chini kwa kiasi kama hicho, jambo ambalo niliwahi kulifundisha kwa miaka mingi nikitumia mfano wa king'ora cha ambulensi, ambacho mlio wake hushuka kinapokupita, kwa kukosa kitu bora zaidi. Kutoka kituo hicho hicho ndiko setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilikoachiliwa mwezi Mei 2018. Ni shule ngapi za jiji hili zilizokuwa na kifaa cha kutega sikio wakati ilipopita juu ya paa zao?

Sidai kwamba kila kinachosikika ni halali kukisambaza. Ibara ya 17 ya Kanuni za Redio za Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano huzitaka nchi wanachama zikataze kunasa bila idhini mawasiliano yasiyokusudiwa umma, na kutangaza yaliyomo ndani yake. Naliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote. Mtu anayesikia rubani akiwa taabani kisha akarekodi na kurusha sauti hiyo mitandaoni ametenda jambo baya, hata kama kifaa chake kilinunuliwa dukani kwa risiti.

Kwa sababu hiyo hiyo, ombi langu kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ni kwamba itoe kwa Kiswahili kurasa mbili au tatu za kawaida, zinazotaja wazi ni masafa gani raia anaruhusiwa kusikiliza bila leseni, kama vile ya utangazaji, vituo vya saa na mawasiliano ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa kupenda tu bila malipo, ni yapi anayopaswa kuyapita, na ni nini hasa kinachohitaji leseni, hususan kurusha mawimbi, ambako ni jambo tofauti kabisa na kuyapokea. Maduka yanayouza vifaa hivi yalazimishwe kuziweka ndani ya boksi. Mpaka kurasa hizo zitoke, mimi mwenyewe nimeyaacha masafa ya ndege na kubaki kwenye mawimbi mafupi na utangazaji.

Kikao chetu cha wakazi kitakaa Jumapili hii alasiri. Nitakwenda na kipokezi, betri zake na waya uliokunjwa, na nimewaomba viongozi waniachie nusu saa ya mwisho, jua likiwa linatua, ili majirani wasogeze kitufe wenyewe.

Mwalimu mstaafu wa Fizikia,
Buruburu, Nairobi